Msindikizaji wa Roketi

Wazee wa kwetu wanakataza kulala kati ya alasiri na magharibi. Wanasema anayelala saa hizo huamka na akili za mtu mwingine, na za kwake zimekwenda kusikojulikana. Mimi siku hiyo nililala makusudi, mlango nimeutia komeo na uso nimeugeuzia ukutani, kwa sababu mwanangu wa pekee, Hidaya, alikuwa anaondoka na basi la jioni, na nilikuwa nimeapa mbele ya majirani kwamba sitatoka nje kumwona akienda.

Siku yenyewe ilinichosha kabla jua halijafika utosini. Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumtaka amzuie huyo mtoto. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee Semboja, mtoto mwenyewe ana umri gani?" Nikamjibu kwamba ni mtoto wangu, na umri wake hauihusu ofisi. Akacheka mpaka kofia ikamlegea, akasema sheria haimruhusu kumfungia ndani mwanamke mzima mwenye kazi yake. Wakubwa wa kwetu ndivyo walivyo. Ukiwahitaji, hawana mamlaka. Usipowahitaji, wanayo mpaka bandani kwa kuku wako. Hata mke wangu Mwantumu aliondoka kwa mtindo huo huo. Masika ya mwaka juzi alizidiwa na kifua, na gari la wagonjwa lilikuwepo, limeoshwa, linang'aa, ila halikuwa na mafuta. Dereva akamsema mganga wa zahanati, mganga akamsema mtu wa stoo, mtu wa stoo akasema mwenye idhini yuko semina. Mwantumu hakuisubiri semina iishe. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuwafuata hao mmoja mmoja, ofisi kwa ofisi, na nimegundua kwamba kila kiti cha mkubwa kimewekewa magurudumu ili mwenyewe aweze kukukimbia bila kusimama.

Sasa Hidaya. Huyu alijifunza kuchomelea vyuma, na mikono yake ni mizuri, sitamnyima sifa yake. Lakini kuna kampuni ya watu binafsi inayorusha satelaiti, imejenga kiwanja chake mbali huko kaskazini, nchi ya jirani, karibu na ule mstari wanaosema unaikata dunia katikati, nao wamemwita akawachomelee matangi. Nilimkuta uani anafunga begi lake.

"Yaani vyuma vya Korogwe vimekwisha?" nikamuuliza. "Mageti yote yameshachomelewa?"

"Mageti yapo, baba. Lakini haya ni matangi ya roketi."

"Na nani kawatuma hao watu wamtupie Mungu vyuma?"

"Havifiki kwa Mungu, baba. Hata mwezini havifiki, vinazunguka hapa hapa jirani."

"Basi ni hasara juu ya hasara. Bora hata vingefika."

Akataka kucheka, akajizuia. Akaniuliza, "Utatoka kuniaga?"

"Sitoki."

"Haya," akasema. Hiyo haya yake ilikuwa ya mama yake mtupu, ile inayofunga maneno kama mfuniko unavyofunga sufuria. Nikaingia ndani, nikatia komeo, nikajitupa kitandani, nikawa nawalaani wakubwa wote kwa mpangilio, kuanzia wa kijiji kwenda juu, na nilipofika ngazi ya mkoa usingizi ukanichukua.

Nikaota niko kwenye shamba la mkonge lisilo na mwisho. Mimi nimekata mkonge maisha yangu yote, kwa hiyo sikushangaa, mpaka nilipotazama juu. Ile milingoti inayochomoza katikati ya mkonge mzee, safari hii haikuwa milingoti ya kawaida. Ilikuwa roketi, ndefu, nyeupe, nyingine zimepakwa rangi kama malori ya harusi, zinavuta moshi wa baridi miguuni kama watu wanaosubiri chai, na chini ya kila moja kuna ofisi, na juu ya mlango wa kila ofisi kuna jina la mwenye kampuni. Upepo wa pale ulinuka mafuta ya taa na baruti, na ardhi ilikuwa ngumu, nyekundu, imeungua hapa na pale madoa meusi mviringo kama sehemu vilipoinjikwa vyungu vya majitu. Moyoni nilijua nimekuja kufanya nini, kama mtu anavyojua ndotoni bila kuambiwa. Nilikuwa nimekuja kutafuta chombo cha kunipeleka juu kwa Mkubwa wa wakubwa, nikamuulize kwa nini Mwantumu, na kama itawezekana nimwone Mwantumu mwenyewe, nibaki naye huko.

Kabla sijapiga hatua, mtu akanishika mkono kwa mapenzi makubwa. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti la suti lisilo na suruali yake, na kidole chake cha shahada kilikuwa kirefu kama mpini wa jembe. Akasema, "Semboja, ndugu yangu. Umechelewa, lakini si kosa lako."

"Ni kosa la nani?"

"Hilo ndilo swali," akasema, akafurahi sana. "Mimi ni Lawama. Karibu kwenye kampuni yangu."

Nakwambia ukweli, kule nilijisikia nyumbani kuliko nyumbani. Ofisi ilijaa watu wenye vidole virefu kama chake, wamekaa duara, na roketi yao ilisimama nje, kubwa, nzuri, ndege wamejenga viota kwenye mabomba yake na mchicha umeota kwenye ngazi. Lawama akapiga makofi wafanye majaribio ya kuondoka ili mimi mgeni nione. Mmoja akasimama katikati akaita, "Mafuta tayari?" Mwenye mafuta akamwonyesha kidole mwenye bomba. Mwenye bomba akamwonyesha mwenye ufunguo. Mwenye ufunguo akaonyesha kiti kitupu, akasema mwenye kiti yuko semina. Kidole cha kwanza kilizunguka duara lote mpaka kikamrudia aliyeita, naye akakaa chini, akafuta jasho, na wote wakapigiana makofi kama waliomaliza kazi.

"Mmekwisha kuruka mara ngapi?" nikauliza.

"Kuruka bado," Lawama akasema. "Lakini hakuna kampuni hapa uwanjani inayojua kwa uhakika kama sisi ni nani aliyeizuia isiruke. Utaratibu wetu umepata tuzo. Kaa, ndugu yangu, uji unakuja."

Nilikaa. Ningekaa mpaka leo, maana uji wenyewe ulikuwa na pilipili manga kama ninavyoupenda, na mazungumzo yalikuwa yale ninayoyapenda zaidi. Lakini nikakumbuka nilichokifuata, nikamwambia Lawama nakwenda kujaribu kwa jirani. Hakukasirika. Alinitwika mzigo kichwani, akasema nisiuache popote, utanisaidia huko juu, kisha akatoka nyuma yangu, ananifuata kama kivuli cha jioni.

Jirani alikuwa Bwana Majivuno. Huyu alikuwa mnene, anang'aa mafuta, na roketi yake ilikuwa na picha yake kutoka chini hadi juu, hivi kwamba ukisimama mlangoni unasimama kwenye kidevu chake. Alikuwa anauza viti kwa watu wenye viatu vizuri. "Mzee," akaniambia, "wengine wote hapa wanazunguka zunguka. Mimi naenda juu moja kwa moja. Juu kabisa. Unatoka hewani, unaiona dunia mviringo, unapigwa picha."

"Kuna wakubwa huko juu?"

"Wamejaa. Mimi mwenyewe ndiye ninayewapeleka."

Nikaona huyu ndiye wangu, lakini viti vilikuwa vimejaa, akaniambia nisubiri chombo kikirudi. Basi roketi ikawashwa. Ardhi ikanguruma, moto ukamwagika, na uso wa Bwana Majivuno ukapanda juu, ukapanda, ukawa mdogo kama stempu, watu chini tunapiga vigelegele. Sijamaliza hata kigelegele changu, nikaiona inarudi. Ilipanda wima, ikafika mwisho wa nguvu zake, ikasimama kidogo kama mpira uliorushwa juu na mtoto, halafu ikashuka wima vile vile, na wenye viatu vizuri wakatoka wakiyumba, wameshika picha zao, wanamshukuru. Nami nikabaki nimeduwaa, kwa sababu kama mtu anafika juu na hakai huko, mashtaka yangu yangesikilizwa saa ngapi?

"Unashangaa nini, mume wangu?" sauti ikaniuliza.

Nikageuka. Alikuwa bibi kizee mfupi, kichwani kajitanda kanga, mkononi ana mizani ya sahani mbili kama ile ya sokoni. Aliniita mume wake jinsi bibi anavyomtania mjukuu, na mimi na mvi zangu nilijisikia mtoto. Akasema jina lake ni Bi Kiasi, na kampuni yake ni ile pale mwisho, isiyokuwa na picha. Akaokota jiwe, akalirusha juu, likamwangukia karibu na mguu. "Hiyo ndiyo roketi ya Majivuno," akasema. Akaokota la pili, akalirusha mbele kwa nguvu, likaenda mbali, likaanguka kwa kupinda. "Na hili nalo limeanguka, sivyo? Sasa chukulia ningekuwa na mkono wa kulirusha kwa kasi kupita risasi, na dunia hii ni mviringo. Jiwe linaanguka, lakini kila likianguka ardhi nayo imeshapinda, imelikwepa. Litaanguka siku zote na halitafika chini. Hiyo ndiyo maana ya kukaa angani, mume wangu. Juu si mahali pa kukaa. Wanaokaa huko wanakaa kwa mwendo wa pembeni, na siku mwendo ukipungua, wanarudi kwa aibu."

Nilimwambia hata kwetu wapo waliopanda wima, ila kwetu hawashuki. Akasema, "Watashuka. Wewe hujakaa kutazama." Kisha akaweka mizani yake chini, na ile mizani ikakua mpaka ikawa kubwa kama ya kupimia marobota ya mkonge. "Panda nikupime. Kwangu hapandi mtu bila kupimwa."

Nikapanda, na upande wangu ukashuka kwa kishindo mpaka ukazama ardhini. Bi Kiasi akatazama kichwani kwangu. "Mume wangu," akasema taratibu, "umebeba nini?"

Nikapapasa ule mzigo alionitwika Lawama. Ulikuwa gari la wagonjwa. Zima, limeoshwa, linang'aa, na taa yake juu, na ndani dereva amekaa anasubiri idhini. Nilikuwa nimelibeba kichwani muda wote huo na shingo ilikuwa imezoea.

"Hilo lishuke," akasema Bi Kiasi.

"Haliwezi kushuka. Huo ni ushahidi."

"Sikiliza. Kila ratili moja unayotaka kuipeleka juu inadai ratili nyingi za mafuta. Na hayo mafuta nayo ni mzigo, yanadai mafuta mengine ya kuyabeba. Na kule juu hakuna hewa, kwa hiyo hata hewa ya kuwashia moto inabidi uibebe kutoka hapa, kwenye tangi lake, imepozwa kwa baridi kali mpaka imekuwa maji. Ukiiona roketi imesimama vile, karibu yote ni mafuta na ile hewa. Mwenye safari ni yule mdogo pale kwenye ncha. Sasa wewe unataka kunipandishia gari."

"Na dereva," Lawama akaongeza kutoka nyuma yangu. "Dereva asiachwe, ndiye aliyeanza."

"Basi kaa hapa na ushahidi wako," akasema Bi Kiasi. "Sitakulazimisha. Ila kwenye ncha ya chombo changu cha leo kuna abiria, na abiria mwenyewe ameulizia kama upo."

Nikatazama juu. Kule kwenye ncha, penye kidirisha, nikauona ukingo wa kanga ya Mwantumu na mkono wake umeegemea dirishani, kama alivyokuwa akiegemea dirisha letu akimsubiri muuza mkaa. Nilitoka chini ya lile gari kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Lilianguka nyuma yangu kwa mshindo mkubwa, na nikamsikia dereva anasema atahitaji idhini ya kuanguka, mimi tayari niko miguuni kwa bibi namwomba kiti.

"Kiti ni kimoja na kina mwenyewe," akasema. "Nina nafasi moja tu, ya msindikizaji."

Hapo akanieleza namna kampuni yake inavyofanya kazi, nami nikamwelewa mara moja, kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote, kwa kuwa ni jambo la kwetu. Kwetu mgeni hafukuziwi mlangoni kama paka. Anasindikizwa. Unamchukulia mzigo wake, unatoka naye, mnapita kwa jirani mnasalimia, mnafika kwenye kona au daraja, mnasimama hapo, mnaagana kwa maneno ya mwisho ambayo hayaishi, kisha yeye anakwenda zake nawe unarudi. Roketi, akasema, ndiyo hivyo hivyo. Safari ya kwanza ndiyo nzito, hewa ni nene na ardhi inavuta, kwa hiyo kipande kikubwa cha chini kinambeba mgeni mgongoni mpaka hewa inapokwisha. Kikifika hapo kinaachia, mgeni anawasha moto wake mdogo, anaenda pembeni. "Zamani," akasema, "wasindikizaji walikuwa wakiachiwa waangukie baharini, kila safari unatengeneza mpya. Siku hizi kampuni zimejifunza adabu. Msindikizaji anarudi, anasimama kwa miguu yake mwenyewe, anafutwa vumbi, anamsindikiza mwingine."

"Na asipotaka kurudi?"

"Umewahi kuona mtu anamsindikiza mgeni mpaka kwao, akaingia ndani, akanawa, akala?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Huyo si msindikizaji tena. Huyo ni mgeni wa pili, na hawakumpikia."

"Umejibu mwenyewe," akasema Bi Kiasi.

Sikumjali. Moyoni nilikuwa nimeshapanga. Nilijua nikishapata kumshika Mwantumu mgongoni, hakuna bibi wala mizani itakayonitoa. Wakanipandisha mahali pangu, na pole pole nikajiona narefuka, kifua changu ni tangi, tumbo langu ni tangi, miguu yangu injini zimejipanga kama majiko ya mama lishe, na mikono yangu imenyooka juu imeshika kile kichwa cha chombo alimokaa mke wangu. Bi Kiasi akasimama chini akaanza kuita, na hapa hakuna aliyenyoosha kidole. "Mafuta?" "Tayari." "Upepo?" "Tayari." "Msindikizaji?" "Tayari," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama honi ya kiwanda. Mara likapita wingu, na kazi yote ikasimamishwa, tukangoja. Nikauliza ni nani aliyehusika na lile wingu. Wakanitazama. Mmoja akasema, "Mzee, ni wingu." Nikalitazama tena, na kweli lilikuwa wingu.

Wingu lilipopita wakawasha. Sijui nisemeje. Kwanza nilidhani nimepasuka, halafu nikadhani ardhi ndiyo iliyopasuka, halafu nikagundua ardhi inaondoka na mimi nimebaki. Lile shamba la mkonge likawa mkeka, mkeka ukawa kitambaa, kitambaa kikawa rangi tu. Uzito ukanikalia kifuani kama watu waliojaa kwenye mlango wa stoo ya mbolea. Na katikati ya ngurumo ile nikaisikia sauti yake, karibu, kama alikuwa chumba cha pili.

"Baba Hidaya, mbona unatetemeka?"

"Ni injini, mama."

"Injini gani, wewe ambaye hata baiskeli ilikushinda."

"Baiskeli ile ilikuwa mbovu. Fundi ndiye aliyeniharibia."

"Fundi," akasema Mwantumu. "Bado upo huko kwa fundi."

Tukapanda. Rangi ya mbingu ilitoka bluu ikaenda bluu ya wino, kisha nyeusi, mchana kweupe, na jua liko pale pale linawaka kwenye weusi. Niliona tumeanza kuinama kuelekea mashariki, upande dunia inakozungukia, ili ile dunia yenyewe itusukume kidogo bila malipo. Moto wangu ukapungua. Sauti ya Bi Kiasi ikaniambia, kwa upole, "Hapo ndipo kwenye kona, mume wangu. Agana naye."

Nikakaza mikono.

"Baba Hidaya," Mwantumu akasema, "niachie."

"Nikuachie uende wapi peke yako?"

"Ninakokwenda. Njia yangu ni ya pembeni, wewe ni mzito, umemaliza kazi yako. Ukinishika hivi hatufiki mahali. Tutaanguka wote wawili."

"Nina mafuta bado. Yapo chini ya tangi."

"Hayo ni ya kurudia."

"Nitayachoma yote nikufikishe."

"Na utarudi na nini?"

"Nirudi kwa nani?" nikamwambia. Nilidhani nimesema jambo la mapenzi, jambo ambalo mke yeyote angependa kulisikia.

Chini yetu dunia ilianza kukua tena, pole pole, kwa maana mwendo ulikuwa umekufa na kweli tulikuwa tunaanguka, mimi nimemkumbatia. Ndipo akasema, bila kupandisha sauti, "Swali hilo unaniuliza mimi, Semboja? Mimi niliyemzaa?"

Katika ndoa yetu yote aliniita jina langu mara chache sana, na kila mara nilikuwa nimekosea. Vidole vyangu vikafunguka vyenyewe. Haikuwa ushujaa. Hata mtoto akiitwa hivyo na mama yake anaachia kilichoko mkononi. Tukatengana kwa kishindo kidogo, laini, kama mlango unaorudishwa na mtu asiyetaka kuamsha watu, na moto wake mdogo ukawaka, akaanza kwenda pembeni. Akawa bado anaongea, kama wanawake wa kwetu wanavyoagana, maneno ya mwisho yasiyoisha: nikague paa kabla ya vuli, yule mbuzi mweusi asiuzwe, nisiwe nakunywa chai bila kula, na shati langu la Ijumaa limekatika kola watu wananicheka. Sauti ikaenda ikipungua, na nilipoacha kumsikia bado nilikuwa namwona, nukta inayong'aa inaikimbilia dunia na dunia inamkwepa, anaanguka bila kuanguka. Sikuona ofisi ya Mkubwa yeyote kule. Kulikuwa na yeye tu, anakwenda vizuri.

Nami nikaanza kushuka, na kushuka ni kazi kuliko kupanda. Ilibidi nijigeuze miguu iwe mbele, na hewa niliyoiacha nyembamba ikanirudia nene, inanikwaruza, inanichoma mbavu mpaka nikawa mweusi kama chungu. Ghafla Lawama akatokea ubavuni, koti linapepea, kidole kimenyooka. "Ndugu yangu, nani aliyekusukuma huku? Tumkamate." Nikamwambia aniache nina kazi, natafuta ardhi. Akaniuliza mara ya pili. Nilikuwa nahesabu mafuta yaliyobaki, mafuta machache kweli, kwa kuwa mengine niliyapoteza nikiwa nimemng'ang'ania, na nikaona wazi kwamba yakiwaka mapema sitafika, yakichelewa nitajichimbia kaburi. Sikuwa na hata tone la kumjibu Lawama. Akabaki nyuma, anapiga kelele kwa upepo. Nikaiona ile ardhi nyekundu inakuja, nikawasha.

Nikaanguka kutoka kitandani puu, kiuno kwenye sakafu na mguu mmoja umenasa kwenye kamba za kitanda.

Nje jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milingoti. Nilikaa pale chini kidogo, napumua, na maana ya mambo yale ikanijia bila mtu kunitafsiria. Masika mbili nzima nimekuwa njiani na Mwantumu. Nimeipita kona, nimelipita daraja, nimemng'ang'ania mtu ambaye safari yake ni nyingine, na kila nilichokuwa nacho nimekichoma huko. Na hapa uani kuna mtu hai, mwenye begi, ambaye anaondoka bila hata mtu wa kumchukulia mzigo. Sisemi kwamba wale wa semina hawana makosa. Wanayo, na siku yao ipo. Nasema gari lao lilikuwa kichwani kwangu mimi.

Nikatoa komeo. Uani hapakuwa na mtu, ila jirani Bi Mwanahamisi alikuwa anachambua mchele, akaniangalia kwa jicho la mtu aliyesikia kiapo changu asubuhi. "Ametoka sasa hivi," akasema. "Si ulisema hutoki?"

"Nimeshatoka," nikamwambia, nikaenda, shati halijafungwa vifungo, kandambili moja yangu na moja sijui ya nani.

Nilimfikia karibu na kisima. Nikalichukua lile begi kutoka begani kwake, na lilikuwa zito, nikasema, "Hivi umebeba vyuma vyenyewe humu?"

"Ni kofia yangu ya kuchomelea, baba. Na mchele."

"Mchele. Huko hawana mchele?"

"Wanao. Ila si huu."

Tukaenda. Tulipita kwa mwenyekiti, akatusalimia kutoka barazani, nami nikamwitikia, kisha nikamkumbusha kuhusu shimo la barabarani mbele ya nyumba yake, maana kuota si kuwa mjinga. Njiani Hidaya alinieleza kuhusu matangi, kwamba ukichomelea vibaya hata kidogo kama unywele yote yanapotea, na mimi nikamuuliza kama kile kipande cha chini siku hizi kinarudi. Akasimama. "Baba, hayo umeyajulia wapi?"

"Nimeyasikia," nikasema.

Basi lilikuja na vumbi lake, taa zimeshawashwa. Nilipanda nalo begi mwenyewe, nikaliweka juu ya kiti chake, nikamkagulia dirisha kama linafunguka, nikamwambia asikubali kukaa upande wa injini, ale kabla ya kunywa chai, apige simu akifika, asiwe anaonyesha watu hela, nikamwambia na mengine, na mengine. Konda akagonga bodi ya basi, akaniuliza, "Mzee, na wewe unakwenda?"

Nikamtazama mwanangu, naye ananitazama.

"Hapana," nikasema. "Anayekwenda ni huyu." Nikashuka.